Bomba la mgongoni la lita 16: lina nguvu gani, na presha ikipungua uanzie wapi

Bomba tunalolizungumzia ni lile la plastiki la lita 16, lenye mpini wa pembeni na pampu ya pistoni, ambalo huuzwa kwa majina mengi huku umbo likiwa karibu lile lile. Ndilo linalopiga dawa kwenye zabibu za Hombolo na Mpunguzi hapa Dodoma, kwenye alizeti na kwenye bustani za nyanya. Ni bomba la kununua, ila kwa masharti mawili: pampu yake ifunguke kwa mkono bila kuvunja kitu, na washa zake, yaani vikombe vya mpira au ngozi vinavyoziba kati ya pistoni na silinda, zipatikane dukani hapo hapo. Likikosa moja kati ya hayo, liache hata kama bei imepunguzwa. Presha ya pampu ya pistoni lazima itashuka siku moja, na kinachoirudisha ni kipuri kidogo tu ambacho bei yake haifiki hata robo ya bomba.

Kwenye boksi utakuta imeandikwa presha ya MPa 0.2 hadi 0.4, yaani baa 2 hadi 4. Nozeli, yaani ncha inayotawanya dawa, ya njano yenye namba 02 hutoa lita 0.8 kwa dakika ikipata baa 3, kwa hiyo ukibana triga bila kuachia, lita 16 zinaisha kwa dakika 20. Presha ikishuka hadi nusu, maji hayashuki hadi nusu. Yanabaki kama lita 0.57 kwa dakika, na tangi linakwenda dakika 28. Ndiyo maana wengi hawashtuki: bomba bado linatoa, lakini matone yamekuwa makubwa, yanatiririka chini badala ya kushika jani, na upande wa chini wa jani la mzabibu haupati kitu. Ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu, huingilia huko huko chini. Mkulima analaumu dawa, anasema ni feki, kumbe dawa haikufika.

Kupima ni rahisi na hakuhitaji geji. Weka lita 5 za maji safi, pampu mpaka mpini ukaze, elekeza nozeli kwenye jagi lenye alama, kisha toa maji kwa dakika 1 huku ukipampu kwa mwendo ule ule wa shambani. Kwa nozeli ya 02 tegemea mililita 800. Zikiwa chini ya 700, presha ina tatizo au kuna kilichoziba. Zikizidi 880, tundu la nozeli limelika, badilisha, kwa sababu tundu pana pia huifanya pampu ishindwe kushika presha. Soma namba iliyochongwa kwenye nozeli, usiamini rangi peke yake. Ile nozeli ya kuzungusha inayokuja ndani ya boksi haifai kwa kipimo hiki, kila ukiizungusha kidogo inatoa kiasi tofauti. Hilo ndilo lalamiko letu la kwanza kwa bomba hili: nunua nozeli yenye namba siku ile ile.

Kipimo kikikwama, usikimbilie kufungua kila kitu. Usikilize mpini.

Mpini mgumu na maji dhaifu maana yake pampu iko salama, njia imeziba. Toa nozeli, kisha bonyeza triga. Maji yakiruka kwa nguvu, uchafu uko kwenye nozeli. Yakiendelea kuwa dhaifu, fungua kishikio, humo ndani kuna chujio dogo ambalo watu wengi hawajui kama lipo. Tumia brashi laini, mswaki wa zamani unatosha. Waya au sindano hupanua tundu na kuharibu mtawanyiko moja kwa moja. Na usipulize nozeli kwa mdomo hata kama umeisuuza, sumu inayobaki kwenye tundu ni ile ile uliyokuwa unapiga. Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, na hapa Dodoma ni wengi, watakuta ganda jeupe kwenye nozeli na chujio: loweka kwenye siki nusu saa, piga brashi, suuza.

Mpini ukiwa mlaini, unapanda na kushuka bila kukamata, tatizo liko kwenye pampu yenyewe. Vaa glavu, bonyeza triga mpaka presha iishe kabisa, mwaga kilichomo, ndipo ufungue. Angalia washa ya pistoni, ile yenye umbo la kikombe. Mdomo wake uwe na ukingo mkali, uguse silinda kuzunguka kote. Ukiona umekunjika kwa ndani, umepasuka, au una michirizi ya kwenda juu na chini, badilisha. Ukiwa mzima lakini mkavu, paka grisi ya silikoni kidogo. Vaselini inavimbisha mpira wa asili na kuulainisha, na mafuta ya kupikia hugeuka gundi inayonasa vumbi, kwa hiyo yote mawili yaache. Washa ya ngozi ni habari nyingine, hiyo ilaze kwenye mafuta usiku mzima mpaka ivimbe na kulainika. Kabla ya kurudisha, mulika ndani ya silinda na upitishe ukucha. Mkwaruzo unaokwaza ukucha utaimaliza washa mpya upesi, na hapo dawa ni kubadilisha silinda pia. Washa ikiwa nzima na silinda laini, kagua valvu ya kunyonya: chembe moja ya unga usioyeyuka chini ya gololi inatosha kuizuia isifunge. Osha gololi na kiti chake kwa maji ya sabuni. Msasa usiguse hapo.

Kuna hali ya tatu inayowachanganya hata mafundi: unapampu vizuri, mpini unakaza, halafu unarudi wenyewe taratibu. Hiyo ni valvu ya kutolea, maji yanarudi nyuma kuingia kwenye silinda. Hakikisha kwa kupampu mpaka ukaze, kisha usibonyeze triga kwa dakika 2. Presha ikiwa imeondoka na nje hakuna tone hata moja, fungua valvu hiyo uisafishe au uibadilishe. Ukiona tone kwenye maungio, tafuta kwanza oringi, pete ya mpira ya kuziba, iliyokatika.

Maji yakitoka kwa kurukaruka kufuata kila sukumo la mpini, chemba ya hewa imejaa maji. Kazi ya hewa ile ni kubanwa na kusukuma maji wakati pistoni inarudi, isipokuwepo hakuna cha kusukuma. Toa presha, ifungue, imwage, irudishe. Ikijaa tena siku hiyo hiyo, ina ufa. Na bomba likianza vizuri kisha likafa taratibu huku mbavu za tangi zikibonyea ndani, kitundu cha hewa kwenye mfuniko kimezibwa na vumbi. Legeza mfuniko: ukisikia hewa ikiingia na nguvu ikarudi, umempata mchawi. Zibua kitundu, lakini usitembee na mfuniko umelegea, dawa itakumwagikia mgongoni.

Wakulima wa zabibu wanahitaji neno la peke yao. Salfa ya unga inayopigwa dhidi ya ubwiri unga haiyeyuki, inaelea tu majini, na chembe zake husugua washa kila pistoni inapopita. Kwa kuwa zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, bomba halipati mapumziko marefu. Koroga salfa kwenye ndoo kwanza mpaka iwe uji, chuja kwa kitambaa, ndipo umimine, na ukimaliza suuza mara 3 huku ukipampu maji safi yatoke kwenye nozeli. Kama kazi yako kubwa ni salfa, tunashauri uache kabisa pampu ya pistoni, ununue ya kiwambo. Ndani yake hakuna washa inayoteleza kwenye silinda, ni mpira unaopinda tu, kwa hiyo unga hauna pa kusugulia. Mara nyingi presha yake ya juu ni ndogo kidogo kuliko ya pistoni, lakini kwa mizabibu inatosha.

Bomba la betri la volti 12 linaokoa mkono, ila likipungua nguvu anza na betri kabla ya motori. Ya risasi ikiwa imejaa na imetulia inapaswa kusoma karibu volti 12.7. Betri ya risasi iliyohifadhiwa ikiwa tupu msimu mzima huwa hairudi vizuri tena.

Malalamiko mengine kwa bomba hili la mpini: mikanda ni myembamba, inakata mabega tangi likijaa, na chujio la mdomoni lina kina kifupi, dawa hurudi juu ukimimina kwa haraka. Tangi na mpini vyenyewe ni imara.

Dukani, omba litiwe maji lita 2 kabla ya kulipa. Pampu, subiri dakika 2, bonyeza triga, kisha kagua maungio yote kwa kidole kikavu. Fungua pampu mbele ya muuzaji na uchukue washa 2 na seti ya oringi. Siku ya kununua washa nyingine nenda na ile iliyochakaa mkononi, kwa sababu mabomba yanayofanana kwa nje hutofautiana silinda kwa milimita 1 au 2, na washa iliyopwaya haitakamata hata ukiipaka grisi ya aina gani.