Siku ya mechi Nyayo, gari usiliingize hapa

Nianze na mazuri, maana haki ni haki. Supamaketi ya jengo hili la maduka karibu na uwanja wa Nyayo, Nairobi, ni safi, na jamaa wa buchari hukukatia nyama vile unavyotaka. Sijawahi kulalamika. Lakini lile geti la kutokea!

Ilikuwa Jumapili ya Mashemeji Derby, ile mechi ya watani Gor Mahia na Ingwe, yaani AFC Leopards. Nilikuwa na mama yangu, magoti yanamsumbua, ndiyo maana hatukupanda matatu. Tukanunua vitu, nikalipia maegesho kwenye mashine ya ndani. Risiti inasema una dakika 15 za kutoka. Sasa niambieni, kutoka kwenda wapi? Mechi imeisha. Uwanja ule hubeba maelfu ya watu, na wote wanamwagikia mzunguko uleule zinapokutana Uhuru Highway, Barabara ya Lang'ata na Mombasa Road. Nje hakusongi, basi na sisi ndani hatusongi.

Tulipofika getini, kizuizi kikagoma. Muda umeisha. Mlinzi hata hakuinama dirishani: "Madam, rudi ulipe tena." Nirudi vipi na nyuma yangu kuna foleni nzima inapiga honi? Nikamwonyesha risiti, nikamwambia muda huo tumeumalizia hapa hapa, mbele ya macho yake. "Hiyo si shida yangu. Siku ya mechi mngekaa nyumbani." Mama akamsihi, "Mwanangu, fungua tu twende." Akageuza uso, akarudi kwenye simu yake.

Nikashuka, nikapanda ngazi tena kulipia muda niliokwama kwenye foleni yao wenyewe. Pesa si nyingi, sizililii. Kinachoniuma ni mama mzima kuachwa garini katikati ya moshi na honi, watu wakimfokea kana kwamba yeye ndiye kafunga njia.

Mashabiki siwalaumu, derby haiji kila wiki. Pengine hata yule mlinzi nisimlaumu sana, huenda hana ruhusa ya kufungua. Basi mwenye ruhusa alikuwa wapi? Ratiba ya ligi si siri. Siku kama hiyo acheni kuhesabu dakika, aliyelipa apite. Mwaka 2027 Kenya inaandaa AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, pamoja na Tanzania na Uganda. Kama derby tu inawashinda, wageni hao mtawafanyia nini?

Nilikuja kuandika maoni haya nikiwa na nyota tatu mkononi, kwa sababu ya ile nyama. Kufikia hapa zimebaki mbili. Hapana, moja. Mama yangu amemwita mtu mwanangu, na mtu huyo akamgeuzia uso. Ni moja, na siku za mechi nyama nitanunua mtaani kwetu.