Johnson ya baba mdogo, na fundi wa Kibirizi aliyeitambua

Fundi huyu wa mashine za boti nampa nyota nne kati ya tano.

Baba mdogo alipofariki, stoo ya nyumba yake Ujiji ilibaki na Johnson, mashine ya boti ya nguvu za farasi ishirini na tano, iliyolala miaka mingi. Huku ziwani ukisema mashine watu wanaelewa Yamaha. Ukitaja Johnson wanakucheka, halafu wanakushauri uuze chuma chakavu.

Nikaanza vibaya. Nilipiga simu duka moja la Dar kuagiza impela ya pampu ya maji, kile kipande kinachozunguka kusukuma maji ya kupoza mashine. Wakauliza, "Farasi ngapi?" Nikajibu 25, basi, hakuna swali la pili. Mzigo ukaja kwa basi, shilingi 45,000, impela yenyewe haipiti hata kwenye shafti. Kurudisha hawataki.

Ndipo jirani akanipeleka kwa huyu mzee, Kibirizi, pale zinapopakia boti za kwenda Gombe. Hakushika hata spana. "Namba yake iko wapi, mwanangu?" Nikamwonyesha mahali mashine inapobana ubao wa nyuma wa boti: kibati kilishang'oka, yamebaki matundu ya ribiti. Akafungua kofia, akapaka mafuta ya taa ubavuni mwa bloku, akasugua kwa mswaki. Taratibu kikajitokeza kizibo cha duara, kama sarafu, kimegongwa herufi na tarakimu. Ilikuwa namba ya modeli.

Ndani ya namba hiyo kulikuwa na CR. Mzee akaandika kwenye boksi la sigara neno INTRODUCES, akahesabu kwa kidole: I ni 1, N ni 2, hadi E ni 9, S ya mwisho ni 0. C ni 8, R ni 4. Mashine ya 1984! Kwa Johnson na Evinrude za kuanzia 1980 ndivyo mwaka unavyosomwa. Kwa Johnson za miaka ya sabini mwaka uko wazi, tarakimu mbili za mwisho.

Kumbe hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja, zote za OMC ya Marekani, kampuni iliyofilisika mwaka 2000. Kwa hiyo koili ya kuwasha moto aliitoa kwenye Evinrude mbovu iliyokuwa nyuma ya banda lake, ikakaa kama imezaliwa hapo. Impela na gaskiti za kabureta tuliagiza nje kwa namba kamili ya modeli. Zimetengenezwa na kampuni nyingine, lakini zimeingia bila kupigwa tupa.

Tuliijaribu kwenye pipa. Mvuto wa sita ikawaka, moshi ukajaa banda zima, na maji ya kupozea yakatoka kwenye kitundu cha nyuma. "Inakojoa," mzee akasema, akaenda kunawa mikono.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya "njoo kesho". Kesho yake ilichukua wiki tatu, na simu hapokei. Lazima uende mwenyewe, asubuhi, kabla wavuvi wa dagaa hawajamzonga.

Ile impela ya 45,000 bado ninayo, mpya kabisa, kama kuna mwenye mashine inayoikubali.