Nitrati kwenye maji ya kisima: ununue nini kwa tangi la samaki

Ukibadilisha maji kila wiki na mwani bado unatanda kwenye kioo, pima maji ya bomba au ya kisima kabla hayajagusa tangi. Mimi nilihangaika miezi kadhaa bila kufanya hivyo, kumbe ndoo yenyewe ilikuwa na miligramu 80 kwa lita za nitrati, chumvi inayorutubisha mwani. Nilikuwa naongeza nitrati kwa mkono wangu.

Dar es Salaam maji ya Dawasa kwa sehemu kubwa hutoka Mto Ruvu. Vya kuviangalia zaidi ni visima vya mitaani, palipobanana vyoo vya shimo na makaro, maana uchafu wake ukizama ardhini hugeuka nitrati.

Kwa hiyo anza na kipimo cha matone, yaani chupa za dawa unayodondoshea kwenye maji. Chupa ya pili itikise kwa nguvu nusu dakika, maana dawa yake hutuama chini. Ukipuuza, utasoma namba ndogo isiyo ya kweli. Kama kipimo chako kinahesabu nitrojeni peke yake, zidisha kwa 4.4 upate nitrati.

Chaguo langu la kwanza ni simtanki la lita 500 la kuvunia mvua. Tangi la lita 100, ukibadilisha lita 25 kwa wiki, nusu mvua nusu kisima, linakula lita 210 hivi kuanzia Juni hadi Septemba. Maji ya 80 yanaingia yakiwa 40. Mvua ya mwanzo iache ioshe bati kwanza. Usitumie mvua tupu: haina madini, pH (kipimo cha ukali wa asidi) inayumba, na samaki wa Ziwa Tanganyika wanataka maji magumu.

La pili ni mashine ya RO, inayosukuma maji kupitia utando mwembamba sana, kama ya wauza maji ya kunywa. Huondoa sehemu kubwa ya nitrati, ila inahitaji presha ya baa 3 hivi, na tangi la mnara wa mita 3 halifikishi hata nusu baa. Weka bei ya pampu kwenye hesabu. Maji inayoyatupa, ambayo ni mengi kuliko inayoyatoa, mwagilia mchicha.

La tatu ni rezini ya nitrati, punje ndogo zinazonasa nitrati, inayooshwa kwa maji ya chumvi na kutumika tena. Hakikisha imetengenezwa kwa nitrati hasa. Ya kawaida hukamata salfeti, chumvi nyingine ya majini, kwanza. Maji ya dukani yafaa tangi dogo tu. Pothosi, ua la ndani linalotambaa, yenye mizizi majini husaidia, polepole.

Chujio la mkaa na dawa ya kuondoa klorini haviondoi nitrati. Kuchemsha ndiko kunazidisha, kwa sababu maji hupungua na nitrati hubaki.

Na kama kipimo kimepita 50, kiwango cha juu cha WHO kwa maji ya kunywa, na nyumbani kuna mtoto mchanga wa maziwa ya kopo, usimkorogee kwa maji hayo, hata yakichemshwa. Mtafutie mengine leo, tangi litasubiri.