Kaunta ya jiko niliyotengenezewa Mwanjelwa: nyota tatu na nusu

Haya jamani, nimekaa nayo miezi minne sasa naweza kuongea. Mi napika chapati na maandazi ya oda kila alfajiri nyumbani Uyole, hapa Mbeya, meza niliyokuwa natumia ilishachoka, nikaenda kwa fundi seremala mmoja Mwanjelwa (jina naliacha) tukaelewana laki nne na nusu, kaunta ya paini ya Mafinga yenye kabati chini, juu anaweka tailizi. Kasema wiki mbili. Zikawa tano, kila nikipiga simu ni "dada yangu kesho tu", mara umeme, mara gundi haikauki kwa baridi. Hili la baridi nilimsamehe maana ilikuwa Julai na Uyole ya Julai mnaijua wenyewe.

Kazi ya mkono ni safi, sitaki kumnyima haki yake. Mbao zilikauka vizuri, hazijapinda mpaka leo, milango inafunga kimya, vanishi haikunuka sana.

Kasheshe ni siku ya kwanza nasukuma chapati. Mi mfupi, futi tano kasoro kidogo, na kaunta imekuja usawa wa viwiko kabisa, yaani huwezi kuugandamiza unga kwa uzito wa mwili, nguvu yote inatoka mabegani, nikifika chapati ya thelathini mabega yanawaka moto. Nikaishia kupanda juu ya kreti ya soda. Mtu mzima, saa kumi alfajiri, nimesimama kwenye kreti nasukuma chapati, mwanangu kaamka kwenda chooni akaniona akacheka mpaka akakaa chini. Nampigia fundi ananiambia dada, sentimita 90 ndo stendadi, wateja wote nawafanyia hiyo na hakuna aliyelalamika.

Sasa mdogo wangu anasoma uinjinia hapo MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, nikamlalamikia, akanitumia voisi ya dakika saba. Dada, stendadi ya nani? Kuna mama Mmarekani alishalisema hilo karibu miaka mia iliyopita, anaitwa Lillian Gilbreth. Nikajua ananitania ila nikasikiliza yote, af nikarudia. Huyu mama kazaliwa 1878, kachukua udaktari wa saikolojia Chuo Kikuu cha Brown 1915 huku analea watoto, na mumewe Frank walikuwa wanawapiga watu picha za sinema wakiwa kazini ili waone mkono unazunguka mara ngapi bila sababu. Enzi hizo wataalamu wengine walikuwa wanamsimamia mfanyakazi na saa mkononi aongeze spidi, yeye anataka kujua huyu mtu anachoka wapi, kiti chake kikoje, akili yake iko wapi. Mume akafariki 1924 kamwachia watoto 11, na kampuni zikagoma kuendelea na injinia mwanamke, basi akaingilia mlango wa jikoni, huko nani atamwambia hajui? Na kichekesho, mwenyewe wala hakuwa mpishi.

Kilichonigusa ni kwamba alipofanya kazi na General Electric, kampuni ya vifaa vya umeme ya Marekani, walihoji wanawake zaidi ya 4,000 kujua sinki na jiko vikae urefu gani. Elfu nne! Mi fundi wangu hakuniuliza hata mimi mmoja nilipokuwa nimesimama mbele yake. Kuna na jaribio la keki ya stroberi, mpishi alikuwa anatembea hatua 281, jiko lilipopangwa upya zikawa 45. Nikahesabu zangu kutoka kwenye pipa la unga kule mlangoni mpaka kaunta mpaka jiko la gesi, nikaacha kuhesabu, pipa sasa hivi linakaa chini ya kaunta.

Nikarudi Mwanjelwa. Nikamwambia fundi usinipimie ukuta nipimie mimi. Akacheka, vijana wake wakacheka, ila akachukua futi kamba, nikakunja mikono kama nasukuma, tukashuka chini ya kiwiko ikaja 78. Bahati kabati lilikuwa na miguu ya sentimita 15, akaja nyumbani na msumeno akakata 12, tailizi haikuguswa, akanidai elfu thelathini ambayo nilibisha sana ila nikatoa. Kreti nimerudisha dukani. Chapati hamsini namaliza na bado nina nguvu ya kuosha sufuria. Hasara yake chini imebaki nafasi ya vidole viwili, dekio halipiti, unga ukimwagikia huko ndo umeshaenda.

Kumbe hata ndoo ya taka ya kukanyaga na mguu wanasema ni ubunifu wa huyo huyo Lillian, nikajikuta nimenunua moja ya plastiki kwa ajili yake. Hiyo ndoo naipa nyota moja tu, pedali imekatika wiki ya pili, nafunua kwa mkono wenye unga kama zamani.

Fundi ukienda nenda na urefu wako, usikubali akupimie kwa kichwa, na ukiambiwa wiki mbili andika tano. Nusu nyota nimemkata kwa droo ya vijiko, inakwama katikati mpaka uipige ngumi kwa chini. Kasema atakuja Jumamosi kuipiga randa, ila Jumamosi ya lini hakusema.