Juisi nzito ya bitiruti kwa wakimbiaji na waendesha baiskeli: tazama nitrati, si wekundu

Ukiigeuza chupa ya juisi nzito ya bitiruti na usione popote kiasi cha nitrati, irudishe rafuni. Nitrati, kemikali iliyomo kiasili kwenye bitiruti, ndiyo unayoilipia. Chupa ya mililita 70 iliyotengenezwa vizuri hubeba takriban miligramu 400, na hicho ni kiasi cha kutosha. Baadhi ya watengenezaji huandika milimoli, kipimo cha kikemia. Zidisha kwa 62 upate miligramu.

Wengi huinywa wasione tofauti yoyote, na sababu huwa ni saa au mdomo. Nitrati huingia kwenye damu, kisha tezi za mate huirudisha mdomoni. Huko bakteria wanaoishi juu ya ulimi huigeuza kuwa nitriti, ambayo ukiimeza hugeuka mwilini kuwa oksidi ya nitriki. Hiyo hutanua mishipa ya damu na kuufanya msuli utumie oksijeni kidogo zaidi kwa kazi ileile. Mzunguko huo wote huchukua saa mbili hadi tatu, kwa hiyo anayekunywa akiwa tayari anafunga kamba za viatu amechelewa. Na aliyesukutua kwa dawa ya kuua bakteria asubuhi hiyo ameshawaua wafanyakazi wake mwenyewe! Antibiotiki nazo zinaweza kuharibu kazi hiyohiyo.

Kipimo ni miligramu 310 hadi 560 za nitrati, saa mbili au tatu kabla ya kuanza. Kwa shindano, anza kunywa kila siku kuanzia siku tatu kabla au zaidi, na chupa ya mwisho iwe siku yenyewe. Kuzidisha chupa hakuongezi mwendo. Huongeza tu hatari ya tumbo kuvurugika.

Manufaa yake yamekuzwa mno. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, waliwapa wanaume wanane nusu lita ya juisi kwa siku, kwa siku sita. Muda waliostahimili kuendesha baiskeli kwa nguvu kabla ya kushindwa uliongezeka kwa karibu asilimia 16. Matangazo huipenda sana namba hiyo. Lakini kustahimili mzigo usiobadilika mpaka uishiwe nguvu si sawa na kuwahi kufika mwisho wa mbio. Katika mbio zenyewe faida huwa asilimia 1 au 2, na mara nyingine hakuna. Mwenye mazoezi ya wastani ndiye hufaidika zaidi. Wale wa kiwango cha juu kabisa mara nyingi hawapati kitu.

Ladha ni ya udongo, tamu, nzito, na haifichiki. Imeze kwa mkupuo mmoja, usiionje.

Unga wa bitiruti una nafuu ya kubebeka, ila nitrati yake hutofautiana mno kati ya kopo na kopo, na mengi hayataji kiasi. Vidonge ndivyo vibovu kuliko vyote, na hesabu inatosha kuonyesha: hata unga ukiwa na nitrati asilimia 2, kidonge cha miligramu 500 kina miligramu 10 tu. Utahitaji vidonge 40 kufikia chupa moja. Juisi ya kukamua mwenyewe inafanya kazi, lakini huwezi kujua kipimo, kwa sababu udongo, mbolea na msimu hubadilisha nitrati ya mzizi. Ukichemsha bitiruti, sehemu ya nitrati hubaki kwenye maji unayomwaga.

Kama shida yako ni kuhisi uchovu mapema, kafeini ina uhakika zaidi: miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito, yaani 180 kwa mtu wa kilo 60, dakika 60 kabla. Huzuia ishara ya uchovu kwenye ubongo. Kuchanganya viwili hivi si lazima kujumlishe faida.

Mkojo na choo vinaweza kuwa vyekundu baada ya kunywa, na hilo halina madhara. Mwenye historia ya mawe ya figo ajihadhari, kwani bitiruti ina oksalati nyingi, kemikali inayochangia mawe hayo. Anayetumia dawa za shinikizo la damu au za maumivu ya kifua ya moyo amuulize daktari kwanza, kwa kuwa juisi hii nayo hushusha shinikizo. Anayepimwa dawa haramu michezoni atafute alama ya Informed Sport kwenye chupa, inayoonyesha kwamba kila toleo limepimwa kabla ya kuuzwa.