Kompyuta ya Mezani Niliyoundiwa kwa Ajili ya Linux: Uzoefu Wangu

Kazi yangu ni kuchora ramani za viwanja kwa programu ya QGIS, na kompyuta mpakato niliyokuwa nayo ilikuwa imechoka kiasi kwamba, nikifungua picha moja ya droni, nilipata nafasi ya kwenda kununua chai na kurudi kabla haijatokea yote. Machi 2024 nilikwenda kwenye duka moja la Kariakoo linalounda kompyuta za mezani kwa oda, nikamweleza fundi kwamba mashine itaendeshwa na Debian 12, mojawapo ya mifumo endeshi ya Linux, na kwamba Windows itabaki kwenye sehemu ndogo ya diski kwa ajili ya programu ya kuchorea ya AutoCAD tu, kwa kuwa programu hiyo haina toleo la Linux.

Katika kuchagua vipuri, fundi alinisaidia sana. Nilikuwa natamani kadi ya grafiki ya Nvidia, lakini yeye alinikumbusha kwamba draiva yake, yaani programu ya kuiendesha, huwekwa kando na huweza kugoma keneli, yaani kiini cha Linux, inaposasishwa. Tukakubaliana juu ya prosesa ya AMD Ryzen 5 5600G, ambayo ina grafiki ndani yake na draiva yake imo tayari kwenye keneli, pamoja na ramu ya GB 32 na SSD ya TB 1. Nililipa shilingi 1,740,000 pamoja na ufundi, nikakabidhiwa mashine siku ya nne, nyaya zake zimebanwa vizuri na feni zikizunguka kimya.

Mushkeli ulianza nyumbani. Nilipoiwasha Debian, orodha ya mitandao ya Wi-Fi ilikuwa tupu, hata ule wa jirani unaopenya hadi jikoni kwangu haukuwamo. Kadi ya Wi-Fi waliyoifunga ilikuwa Realtek RTL8852BE, ambayo keneli ilianza kuitambua katika toleo la 6.2, ilhali Debian 12 inakuja na 6.1. Nilipopiga simu, fundi akanijibu, "Mbona kwenye Windows inashika vizuri, kaka?" Alisema kweli, na kosa lao lilikuwa hapo hapo: mashine iliyoagizwa kwa ajili ya Linux ilijaribiwa kwa Windows peke yake. Waliibadilisha kwa Intel AX200, lakini wakanitoza nyongeza ya shilingi 25,000, jambo ambalo mpaka leo naona halikuwa la haki.

Siku hiyo ya kubadilisha kadi niliwaonyesha pia matokeo ya dmidecode, amri inayoorodhesha vipuri vya mashine, yaliyosema kwamba ramu ya kasi ya 3200 ilikuwa ikienda kwa 2400. Profaili ya XMP, inayoiruhusu ramu kufikia kasi yake kamili, haikuwa imewashwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ubao, na vijiti vyote viwili vya ramu vilikuwa vimechomekwa sambamba katika nafasi ya kwanza na ya pili, hivyo vikagawana njia moja badala ya kila kimoja kuwa na yake. Kwa kuwa grafiki ya prosesa hii huazima ramu ya kompyuta, uzembe huo ulinigharimu mara mbili. Fundi alifungua ubavu wa keisi, akabonyeza vibanio, akahamishia vijiti kwenye nafasi ya pili na ya nne. Hazikupita dakika tano. Tangu hapo ramani yenye tabaka nyingi naikuza na kuisogeza bila kukwama.

Lililobaki nilimaliza mwenyewe. Kila nilipotoka Linux na kuingia Windows, saa ilirudi nyuma kwa saa tatu, nikadhani betri ya ubao ni mbovu. Kumbe Linux huiacha saa ya mashine kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, na Windows huisoma kana kwamba ni ya hapa kwetu. (Ingekuwa saa sita, ningesema angalau imejaribu kusoma saa za Kiswahili.) Amri moja ya kuiambia Linux iiweke saa ya mashine kwa saa za hapa, timedatectl set-local-rtc 1, ilitosha.

Kwa ubora wa vipuri na mkono wa fundi nawapa nyota nne kati ya tano, na kompyuta ya pili ya ofisi nitaiagiza kwao, ila safari hiyo nitakwenda na fleshi yenye Debian mfukoni, niiwashe mashine pale pale kaunta kabla ya kutoa hela.