Viti vya chuma vya salo: vipi vya kununua Goma wakati pesa imekuwa ngumu

Tangu benki zifunge hapa Goma Januari 2025, kila mwenye anatafuta viti vya nyumba anahesabu mara mbili, na mimi nasema nunua chuma, ile ya umbo rahisi, tibu (bomba la chuma) na kipande cha mbao basi, bila maua. Hii staili iko na karne moja: Marcel Breuer, mbunifu wa viti na meza, aliianza 1925 kule Dessau, Ujerumani, aliangalia usukani wa baiskeli akaona kama tibu inakunjwa vile basi hata kiti kinawezekana.

Shida yetu sisi ni Nyiragongo, ile volkano ya karibu na mji. Moshi wake ukiingia mu mvua maji yanakuwa na asidi, angalia tu mabati yetu, na kiti cha baraza kinakuliwa vile vile. Kwa hiyo pesa kidogo yenye uko nayo iende ku unene wa chuma na rangi, si ku kung'aa.

Namba moja kwangu ni kiti kizee cha ofisi ao cha shule, miguu minne, tibu ya duara. Kipindue. Toa kile kifuniko cha mpira cha mguu uone ukingo wa tibu, ukiwa mwembamba sawa kopo la nyanya acha, ukikaribia milimetri moja na nusu chukua. Ingiza kidole ndani, ikitoka unga mwekundu kutu imeshaanza kula toka ndani na rangi ya juu haitakusaidia kitu. Mbao yake ikivunjika haina neno, seremala wa mtaa ataweka ingine.

Ya pili, agiza kwa fundi wa kuchomelea pale Birere, mtaa wa hapa Goma. Hapa lazima usimame naye! Mwambie miguu ya nyuma iwe minene kuliko ya mbele, juu mtu akiegemea uzito wote unaenda nyuma, Jean Prouvé, mbunifu wa Ufaransa, alishatengeneza kiti vile 1934. Tena usikubali apake rangi ya mafuta mbele hujaona ile ya kuzuia kutu imekauka, wengi wanairuka juu mteja haioni.

Ya tatu ni vile vya bati la chuma vyenye vinapangwa kimoja juu ya kingine, umbo la fundi Xavier Pauchard wa Autun, Ufaransa, 1934. Vinafaa nyumba ndogo. Yeye alikuwa anavipaka zinki, lakini kopi za sokoni mara nyingi ni rangi tu, na magaribi hapa vinakuwa baridi sana, ongeza mto.

Ya mwisho, vile bila miguu ya nyuma. Mart Stam, mbunifu wa Uholanzi, alijaribu wazo hilo 1926 na mabomba ya gesi, ni vizuri kwa macho, lakini vinataka tibu moja nzima yenye imekunjwa bila kuungwa. Nilinunua viwili vyenye viliungwa pale mbele chini, Siku ya Mungu moja baba mkwe akakaa, kikakatika palepale ku kiungo, akaumia mkono na iliniuma sana.

Ukibebesha ku chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, funga vitambaa kati ya kiti na kiti, rangi ikichubuka njiani kutu inaanzia hapo.